Mashine ya kurekodi televisheni ya setilaiti: mwenye fedha kidogo aanzie wapi

Kwa miaka mingi nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa na desturi ya kusoma bajeti zao siku moja, Alhamisi ya mwezi wa Juni. Kwa wakala wa forodha aliyeko Namanga au Busia, alasiri hiyo huwa ngumu. Mawaziri wa fedha wa nchi mbili au tatu husimama bungeni karibu saa zilezile, na yeyote kati yao anaweza kutaja ushuru wa bidhaa iliyo ndani ya lori ambalo tayari limefika mpakani. Televisheni ni moja, mtazamaji ni mmoja, na mara nyingi mwenyewe yuko njiani.

Mtu wa namna hiyo anahitaji mashine inayorekodi matangazo yeye akiwa hayupo, kama anavyoihitaji mwenye duka anayefunga saa tatu usiku wakati mechi imekwisha. Tatizo ni kwamba madukani vifaa hivi vimepangwa pamoja, vyote vimeandikwa PVR kwenye boksi, na bei zake zimepishana mara tatu au nne. Herufi hizo maana yake ni kifaa kinachorekodi picha kwenye diski badala ya kanda. Hazisemi kinarekodi chaneli zipi, wala kama mnunuzi ataruhusiwa kuzitazama baadaye.

Chaneli kwanza, mashine baadaye

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza bei. Wangeanza kwa kuuliza chaneli wanayotaka kurekodi iko kwenye setilaiti ipi, na je, iko wazi au imefungwa kwa kadi. Jibu la swali hilo ndilo linalochagua mashine, na mara nyingi linamwokolea mtu nusu ya fedha zake.

Chaneli iliyo wazi hupokelewa na risiva yoyote ya dishi inayolingana na teknolojia yake. Risiva za bei ndogo zenye tundu la USB zinaweza kurekodi chaneli hizo kwenye flashi au diski ya nje, na nyingi huandika faili la kawaida ambalo kompyuta inalifungua bila shida. Risiva ikiharibika, diski inahamishwa na rekodi zinabaki mali ya mwenye nyumba. Watu huisahau faida hii mpaka siku mashine inapozima.

Chaneli iliyofungwa ina hesabu nyingine. Inahitaji king'amuzi cha kampuni inayoiuza, na king'amuzi hicho kikirekodi, rekodi yenyewe huandikwa kwa siri inayofunguliwa na mashine hiyohiyo tu. Diski yake ikichomekwa kwenye kompyuta haisomeki. King'amuzi kikifa, rekodi zimekufa nacho. Kabla ya kulipa, mnunuzi amuulize muuzaji swali moja zaidi: malipo ya mwezi yakikatika, je, vipindi vilivyokwisha kurekodiwa vitaendelea kufunguka? Jibu litolewe dukani, mashine ikiwa imewashwa. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Kampuni ya MultiChoice ilileta king'amuzi chake cha kwanza cha DStv chenye diski ya kurekodi mwaka 2005 nchini Afrika Kusini, na mwaka 2013 ikatoa Explora yenye diski ya terabaiti 2. Ni mashine nzuri kwa anayelipia vifurushi vikubwa. Lakini kwa miaka mingi kampuni hiyo ilitoza ada ya ziada kila mwezi kwa huduma ya kurekodi, juu ya bei ya kifurushi. Mwenye bajeti ndogo aihesabu ada ya namna hiyo kama sehemu ya bei ya mashine. Aidha, mwaka 2025 kampuni ya Ufaransa ya Canal+ ilichukua udhibiti wa MultiChoice. Mabadiliko ya umiliki wa ukubwa huo yanaweza kuleta vifaa vipya na vifurushi vipya, kwa hiyo huu si wakati wa kufunga fedha nyingi kwenye king'amuzi cha bei ya juu kwa matumaini ya kukitumia miaka 10.

Kuna aina ya tatu inayouzwa kwa sauti ya chini: risiva ndogo inayoahidiwa kufungua chaneli zote za kulipia kwa mwaka mzima kupitia intaneti. Hiyo ni huduma ya wizi. Chaneli hukatika wakati wowote kampuni inapobadili funguo zake, muuzaji hapatikani kwenye simu, na mnunuzi hana pa kushitaki kwa sababu alichonunua hakikuwa halali tangu mwanzo.

Ving'amuzi havivuki mpaka kama unga

Hapa ndipo wafanyabiashara wa mpakani wanapoingia hasara zaidi kuliko watu wa mijini. Bei ya king'amuzi upande mmoja ikiwa nafuu kuliko upande wa pili, akili ya biashara inasema nunua huku, tumia kule. Kwa unga au sabuni hesabu hiyo inaweza kukubali. Kwa king'amuzi cha kulipia inakataa, kwa sababu haki za kuonyesha mpira na filamu huuzwa nchi kwa nchi, na kampuni husajili kila kadi kwenye nchi ilikouzwa. Aliyenunua Kenya na kukaa Tanzania hulazimika kulipia akaunti ya Kenya kwa shilingi za Kenya, hapati fundi wa kampuni anapokaa, na akigundulika huduma inaweza kukatwa. Dhamana ya mwaka mmoja iliyoandikwa kwenye boksi nayo kwa kawaida huishia mpakani.

Kosa la pili ni la makaratasi. Wapo wanaodhani kifaa kilichonunuliwa ndani ya Jumuiya hakina ushuru kikivushwa. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Risiva iliyotengenezwa China haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kukaa wiki mbili kwenye rafu ya Nairobi. Anayevusha moja ya nyumbani aitangaze na kubeba risiti. Anayetaka kuvusha 20 za kuuza ajue pia kwamba mamlaka za mawasiliano, kama TCRA ya Tanzania, CA ya Kenya na UCC ya Uganda, zina utaratibu wa kuidhinisha aina za vifaa kabla havijaingia sokoni.

Risiva ya chaneli zilizo wazi haina tatizo la usajili. Inafanya kazi popote dishi linapoona setilaiti. Kwa mtu anayehama mara kwa mara kati ya nchi mbili, hilo pekee linatosha kuipa nafasi ya kwanza.

Dishi linatazama wapi

Mnunuzi asichanganye king'amuzi cha antena na cha dishi. Baada ya uhamaji wa kidijitali, ulioanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na uliokuwa na tarehe ya mwisho ya kimataifa ya 17 Juni 2015, nyumba nyingi zilipata ving'amuzi vya antena. Baadhi vina tundu la USB na vinarekodi vizuri sana, lakini waya wa dishi hauna kazi kwenye tundu lake la antena. Kinyume chake pia ni kweli. Anayeishi mjini na kutaka chaneli za nchi yake tu pengine hahitaji setilaiti hata kidogo.

Kwa anayehitaji setilaiti, kampuni hazitumii sehemu moja ya anga. DStv imekuwa ikirushwa kutoka nyuzi 36 mashariki, na Azam TV kutoka nyuzi 7 mashariki. Kwa mtu wa Namanga, setilaiti ya kwanza iko karibu na utosi na ya pili iko upande wa magharibi. Dishi moja dogo lisilozunguka halitazami kote kuwili. Anayenunua risiva ya pili kwa ajili ya chaneli zilizo wazi aweke kwenye bajeti dishi la pili, waya na ujira wa fundi, maana vitu hivyo kwa pamoja huweza kuzidi bei ya risiva yenyewe.

Risiva iwe ya mfumo wa DVB-S2, ulioidhinishwa mwaka 2005. Ile ya DVB-S pekee, ambayo bado inapatikana kwenye mitumba, haifungui chaneli zinazorushwa kwa mfumo mpya. Kama fedha zinaruhusu, iwe pia inasoma HEVC, mfumo wa kubana picha uliotoka mwaka 2013, kwa sababu warushaji wanahamia huko ili kupunguza gharama ya anga.

Kisha kuna suala la kurekodi chaneli moja na kutazama nyingine. Mashine yenye kipokezi kimoja inasikiliza wimbi moja tu kwa wakati. Wimbi moja hubeba chaneli kadhaa, kwa hiyo risiva ya bei ndogo inaweza kurekodi chaneli moja na kuonyesha jirani yake wa wimbi hilohilo, lakini si zaidi. Anayetaka uhuru kamili anahitaji vipokezi viwili na, katika mitambo ya kawaida, waya mbili kutoka kwenye LNB yenye matundu mawili, yaani kile kifaa kinachokaa mbele ya dishi. Kugawa waya mmoja kwa kigawanyio cha bei rahisi hakusaidii, kwani kila kipokezi huiamuru LNB kwa volti, 13 au 18, na haiwezi kutii amri mbili kwa mara moja. Wakala wa forodha anayetaka hotuba mbili za bajeti kwa pamoja mara nyingi atapata nafuu zaidi kwa kununua risiva mbili za bei ndogo kuliko mashine moja ya vipokezi viwili. Moja ikiharibika, atabaki na nyingine.

Flashi ya uongo

Sehemu inayowaangusha wengi ni diski. Hesabu yake si ngumu. Chaneli ya picha ya kawaida inayorushwa kwa megabiti 3 kwa sekunde inakula gigabaiti 1.35 kwa saa. Chaneli ya HD ya megabiti 8 inakula gigabaiti 3.6 kwa saa. Mechi ya mpira pamoja na mapumziko na maneno ya studio huchukua kama saa mbili, yaani gigabaiti 2.7 kwa picha ya kawaida na 7.2 kwa HD. Flashi ya gigabaiti 32 inabeba mechi 4 za HD na kujaa. Diski ya gigabaiti 500 inabeba zaidi ya saa 130 za HD, ambazo ni nyingi kuliko muda wa kuzitazama wa mtu anayefanya kazi.

Namba hizo zinafichua mtego mwingine. Flashi nyingi zimeandaliwa kwa mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Risiva nzuri hukata rekodi vipande vipande na kuviunganisha wakati wa kuonyesha. Mbaya husimama kimya kwenye gigabaiti ya 4, na mtazamaji hugundua kwamba kipindi cha pili hakipo. Dawa ni kuchagua risiva inayokubali NTFS au exFAT, au kuhakikisha dukani kwamba inaunganisha vipande.

Mtego mkubwa zaidi ni flashi yenyewe. Katika masoko mengi zinauzwa flashi zilizoandikwa gigabaiti 512 au terabaiti 1 kwa bei ya chakula cha mchana. Kompyuta ikizisoma inaonyesha ukubwa huohuo, kwa sababu zimechezewa ziseme uongo. Ndani mna gigabaiti 8 au 16. Rekodi ya kwanza inaandikwa vizuri, ya pili pia, halafu data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani na vyote vinaharibika. Njia ya kuijua ni kuijaza mafaili mpaka mwisho na kujaribu kuyafungua yote, au kutumia programu za bure zinazofanya kazi hiyo, kama H2testw. Ni kazi ya saa kadhaa, ila ifanyike ndani ya muda ambao muuzaji anakubali kurudishiwa bidhaa.

Diski ya kuzunguka ni ya kuaminika zaidi kwa kurekodi kila siku, lakini ina njaa ya umeme. Tundu la USB la kawaida hutoa milliampea 500, na diski nyingi za nje huhitaji zaidi ya hapo zinapoanza kuzunguka. Dalili ni mlio mdogo wa kugonga na ujumbe kwamba diski haionekani. Mafundi wengine husema diski ni mbovu na kuuza nyingine, wakati kilichohitajika ni kigawanyio cha USB chenye adapta yake ya umeme. Aidha, risiva zenye uwezo wa kusimamisha matangazo yanayoendelea huandika kwenye diski muda wote televisheni inapokuwa wazi. Uwezo huo ukizimwa kwenye menyu, flashi itaishi muda mrefu zaidi.

Saa iliyopotea

Risiva iliyowekwa saa za Nairobi ikipelekwa Kigali, Bujumbura au Goma inarekodi saa moja kabla au baada ya kipindi, kutegemea saa imewekwaje. Kenya, Uganda na Tanzania ziko saa tatu mbele ya saa za Greenwich. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa mbili mbele, na Sudan Kusini ilijiunga na kundi hilo Februari 2021. Kwenye menyu ni tarakimu moja tu ya kubadili, lakini wengi hawaigusi na kuilaumu mashine. Tena mashine haijui saa za Kiswahili. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku iandikwe 20:00, na anayeandika 02:00 ataamka na rekodi ya usiku wa manane.

Tangazo la bungeni nalo halifuati ratiba. Anayerekodi hotuba aongeze angalau dakika 30 mwisho, na kwa mpira saa nzima kama kuna uwezekano wa muda wa nyongeza na penalti. Msimu wa masika mvua kubwa hufifisha mawimbi yanayotumiwa na madishi madogo, na rekodi hutoka na mashimo. Dishi la sentimita 90 badala ya 60 hupunguza tatizo hilo kuliko risiva ya bei mara mbili.

Vya Ulaya na Marekani

Ndugu walioko ng'ambo hutuma vifaa kwenye makontena kwa nia njema. King'amuzi cha Sky+ kutoka Uingereza bila kadi na mkataba wake hakina faida ya kurekodi hapa. Mashine za Freesat ziliundwa kwa setilaiti za nyuzi 28.2 mashariki, ambazo miale yake ya Uingereza haifiki Afrika Mashariki. Vya Marekani vingi vinataka volti 110. Kinasa cha DVD chenye tundu la kuingiza picha kwa waya za AV kinaweza kurekodi kutoka kwenye ving'amuzi vingi vyenye tundu la AV, kwa picha ya kawaida, na hiyo bado ni njia ya maskini inayofanya kazi. Ila diski tupu na vipuri vinazidi kuadimika. Mashine za VHS zilikwisha mwaka 2016, kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho, ilipoacha kuzitengeneza.

Gharama kwa kila kipindi

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, si bei za duka lolote. Tuseme king'amuzi cha kampuni kinachorekodi kinagharimu dola 100 na ada ya kurekodi dola 5 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu ni dola 280, mbali na kifurushi. Tuseme risiva ni dola 30, diski 40, dishi na fundi 35, jumla dola 105. Nyumba inayorekodi vipindi viwili kwa mwezi itakuwa na vipindi 72 kwa miaka hiyo mitatu. Kwa njia ya kwanza kila kipindi kimegharimu karibu dola 4, kwa ya pili dola 1 na nusu hivi. Kwa nyumba inayorekodi kila siku tofauti hiyo kwa kila kipindi inakuwa ndogo, na king'amuzi cha kampuni kinaanza kuwa na maana. Umeme nao uingie: mashine ya wati 15 isiyozimwa inatumia kama uniti 11 kwa mwezi.

Yapo pia mambo ambayo hayahitaji kurekodiwa. Hotuba nyingi za bajeti leo huwekwa kwenye YouTube, na anayezitafuta mara moja kwa mwaka anunue bando na si mashine. Kwa aliye mahali ambapo mtandao ni dhaifu au bando ni ghali, setilaiti bado inashinda. Na mwenye kibanda cha kuonyesha mpira asidhani rekodi ya nyumbani inampa ruhusa ya kukusanya kiingilio, maana mkataba wa nyumbani hauruhusu maonyesho ya hadhara, uwe mubashara au wa jana.

Jaribio la mwisho hufanyika dukani na huchukua dakika 10. Mnunuzi aombe risiva iwekwe irekodi baada ya dakika tano, kisha izimwe kwa rimoti. Halafu waya wa umeme uchomolewe ukutani, usubiriwe kidogo, urudishwe. Mashine inayofaa kwa nchi zetu huamka yenyewe na kuanza kurekodi kwa wakati wake. Ikibaki imekufa mpaka mtu abonyeze kitufe, irudi kwenye boksi lake.